Kuni za Ng'ambo

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kufunga mlango. Ofisi yake ilikuwa juu ya karakana ya misumeno, sakafu ikitetemeka mchana kutwa, na alipenda mlango ubaki wazi asikie mashine zake zikitafuna magogo. Kwa hiyo siku alipoufunga, akazungusha na ufunguo, wakuu wa vitengo wakatazamana. Kulikuwa na jambo, tena si jambo la nyongeza ya mshahara.

"Wametushtaki," alisema, akiinua karatasi kwa ncha za vidole kama aliyeshika panya mkia. "Wenye viwanda vya ng'ambo. Wametushtaki sisi na serikali yetu kwa pamoja."

Ng'ambo ilikuwa nchi ya jirani, ng'ambo ya mpaka tu, na ndiko karibu mbao zote za kiwanda zilikouzwa. Shitaka lenyewe, ukiliondolea lugha ya wanasheria, lilikuwa hivi: serikali ya huku inaviuzia viwanda vyake magogo ya msitu wa umma kwa bei ya kutupa, viwanda vinapasua mbao nzuri na kuziuza kule kwa bei ambayo wapasuaji wa kule, wanaolipia kila mti kwa ukamilifu, hawaifikii hata wakilala njaa. Huo si ushindani, walisema, hayo ni mashindano ya mbio ambayo mmoja kaja na baiskeli. Walitaka ushuru mzito mpakani kwa kila mbao itokayo huku. Serikali yao ikajibu kwamba itatuma wakaguzi kwanza.

Mambo yote yalikuwa kwenye rangi. Gogo likikatwa msituni, watu wa misitu hulipaka rangi kichwani: nyekundu ni daraja la kwanza, njano la pili, na buluu la tatu. Ya buluu ni yale yaliyoangushwa na upepo au kubabuliwa na moto, yanauzwa kwa bei ya kuni, na kila mtu kiwandani alijua kuwa ukilivua gogo la buluu ganda lake baya, ndani unakuta mti safi kabisa. Mbao za ng'ambo zilitoka huko, kwenye buluu. Lakini wizara ya misitu ilipoulizwa na ng'ambo mara ya kwanza ilijibu kwa maandishi, na Mkurugenzi akatia saini chini yake, kwamba mbao za kuuza nje hupasuliwa kwenye magogo mekundu peke yake.

"Sasa wanasema wana sababu ya kuamini ni buluu," Mkurugenzi aliendelea. "Sababu gani? Mbao ikishapasuliwa na kukatwa ncha haina rangi tena. Mbao haina mdomo. Mdomo uko humu ndani." Akapitisha macho kwenye benchi la ukutani, mmoja mmoja, taratibu. "Na nitaupata."

Kwenye benchi hilo alikaa mkuu wa yadi ya kupanga mizigo, mwanamke wa makamo, mwembamba, kitambaa kichwani na penseli sikioni. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limelala kwenye faili. Kiwandani alikuwa Birika. Mtu bahili huambiwa ana mkono wa birika, na huyu, wapasuaji walisema, hakuwa na mkono tu, alikuwa birika zima na kifuniko chake. Hakukasirika. Aliona kuwa watu wanaocheka ubahili ni wale ambao hawajawahi kulea mtoto wakiwa watoto wenyewe.

Na ubahili wake ulikuwa na faida. Mbao mbichi hailazwi juu ya mbichi mwenzake. Kati ya safu na safu hupitishwa vijiti vyembamba ili hewa ipite, la sivyo mzigo unafika umeota ukungu. Viwanda vingine hununua vijiti hivyo. Birika alipokabidhiwa yadi alisema hawezi kununua kijiti akiwa amezungukwa na miti, watu watamcheka. Akaagiza mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo ambayo msumeno huyavua kwanza na kuyatupa, yaletwe kwake, akayachana mwenyewe kwa msumeno mdogo. Tangu hapo kila mzigo uliovuka mpaka ulipumua kwa vijiti vyake. Wapangaji wa mizigo waliviita mapafu. Mkurugenzi alimsifu mbele ya kiwanda kizima kwenye mkutano wa mwaka, na Birika, ambaye hakuzoea kusifiwa, aliitunza sifa ile na kuitoa moyoni kila alipokuwa na siku mbaya.

Baada ya mkutano wa mlango kufungwa, kiwanda kilibadilika tabia. Watu waliacha kuweka simu mezani. Karani wa mauzo, ambaye zamani alikula akiongea mpaka chakula kikamdondoka, sasa alikula ameinama. Birika naye hakubaki nyuma. Alimshuku karani kwa sababu alianza kutokea geti la nyuma. Alimshuku mnoaji wa misumeno kwa sababu anapiga mluzi, na mtu mwenye wasiwasi hupiga mluzi. Alimshuku Redio, dereva wa mashine ya kunyanyulia magogo, kwa hoja ambayo yeye aliiona ya chuma: mtu anayejua habari za wote lazima anazichukua mahali, na anayechukua mahali hupeleka mahali. Hakuna aliyemwambia kwamba wenzake nao walikuwa wakimpigia hesabu yeye.

Mtu mmoja tu Birika hakumshuku, naye ni dereva wa lori lililopeleka mbao ng'ambo. Waliitwa Breki na Birika, watu wakafanya utani wa majina, lakini walikuwa tumbo moja. Wazazi waliondoka Breki akiwa bado anakojoa kitandani, na Birika ndiye aliyembeba mgongoni, akamvusha shule, akamwozesha mke. Jina la Breki alilipata kwa sababu alikanyaga breki hata kwenye mlima. Kila lori lake lilipoingia yadini alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Shikamoo, dada!" hata kama ni mara ya tatu siku hiyo. "Marahaba," Birika angejibu, "na uniondolee vumbi lako hapa." Wapangaji walicheka, na yeye alijifanya hamnazo, lakini alifurahi kila mara.

Redio ndiye aliyeiharibu furaha hiyo. Alimkuta Birika nyuma ya rundo la mabanzi akikagua kamba.

"Nikuume sikio, mama?"

"Niume, usining'ate."

"Ndugu yako akishusha mzigo kule haondoki. Wenzake wanamwacha yadini kwa wale mabwana anakunywa nao chai. Halafu anakwenda nyuma ya jengo na gunia tupu, anatoka na gunia limejaa." Redio akainua mikono. "Mimi sisemi kitu. Nasema nilichoambiwa."

"Ulichoambiwa na nani?"

"Na upepo."

Birika alimfukuza na kumwambia aende akanyanyue magogo, umbea haujazi lori. Lakini maneno yalikwisha kuingia. Jioni hiyo hakurudi nyumbani. Alikaa getini kwenye kiti cha mlinzi akijidai anasubiri mvua ipite, na mvua yenyewe ilikuwa manyunyu tu.

Lori liliingia taa zikiwa zimewashwa. Madereva wengine walikwisha kurudi, wakaoga, wakala.

"Shikamoo, dada! Bado upo?"

"Marahaba. Umechelewa."

"Foleni mpakani." Akajikuna shingo.

Birika alimjua ndugu yake kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Tangu utotoni Breki akidanganya hujikuna shingo. Akapanda ngazi ya lori bila kukaribishwa, akachungulia nyuma ya kiti. Lilikuwepo gunia, limejaa, mdomo umefungwa kwa waya.

"Nini hiki?"

"Ah, kuni tu. Kuni za wifi yako."

"Kuni."

"Za kule haziko sawa na za huku, dada. Hazina moshi." Akacheka peke yake, akalivuta gunia kwake, akashuka nalo upande wa pili. Hakusubiri waongozane, ingawa nyumba yake ilikuwa hapo hapo nyuma ya ukuta wa kiwanda.

Sasa hebu mtu afikirie, kama Birika alivyofikiri njia nzima kwenda kwake. Mtu anaishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha mbao. Mabaki yamelundikana hadi yanamwangukia uani. Mtu huyo anavuka mpaka, anapanga foleni ya forodha, analeta kuni? Hata mtoto angeliona uongo huo. Kwenye gunia mlikuwa na kitu, na kitu hicho kilikuwa malipo. Birika alilala akiwa ameshika tama, na usingizi ulipokuja ulikuja kwa kuibia.

Akakumbuka na lingine. Wiki kadhaa nyuma, wakinywa chai yadini, Breki alikuwa amemwuliza, kama kwa mzaha, "Dada, hivi vijiti vyako, si ungeachana navyo? Waambie wanunue vya dukani, vyeupe, vizuri." Birika alimpa somo refu kuhusu matumizi mabaya, akamwuliza tangu lini dereva anafundisha watu wa yadi kupanga. Breki alijikuna shingo, akabadilisha mazungumzo. Wakati ule aliona ni upuuzi wa kijana. Sasa aliona mtu aliyetaka kumharibia kazi yake, kitu kimoja alichowahi kusifiwa, na hilo likamuuma kuliko gunia. Alimkasirikia kwa dhati.

Hata hivyo asingekwenda kumsema popote kama Mkurugenzi asingemwita.

"Nimefikiri sana," Mkurugenzi alimwambia. Mlango ulikuwa umefungwa tena. Siku hizo ulikuwa haufunguki. "Mahali pa mwisho mbao inapoonekana kabla ya kuvuka ni kwako. Anayejua ni gogo gani limeingia kwenye mzigo gani ni wewe. Nikianza kutafuta kwa haki, mama, naanza kwako. Sitaki. Lakini wakaguzi wakija na kukuta nimelala, kiwanda kinafungwa, na watu wote hawa watakwenda wapi?"

Birika aliitazama sakafu. Chini yao msumeno mkubwa ulikuwa unapasua kitu kigumu, unalia. Aliwaza miaka yake yote pale. Aliwaza gunia.

"Wamuulize Breki," alisema. "Anakaa sana kwenye yadi yao."

Alipolisema alitamani kulirudisha, lakini Mkurugenzi alikwisha kuandika.

Walimnyang'anya Breki funguo za lori mchana, mbele ya watu, jua kali. Mlinzi alipekua mifuko yake kama mwizi wa kuku. Breki alisimama tu, mikono kaachia, akamtafuta dada yake kwa macho mpaka akampata kando ya mzigo.

"Ni wewe, dada?"

"Nimesema nilichoona."

Birika alitegemea akane. Alitegemea apige kelele, alie, aape, ajikune shingo. Lolote kati ya hayo lingemsaidia. Breki aliitazama mizigo iliyopangwa, akamtazama yeye.

"Basi iangalie vizuri mizigo yako," alisema, akatoka getini kwa miguu.

Birika alichukulia kuwa ametishiwa. Tangu siku hiyo kila mzigo aliuzunguka mara mbili, akivuta kamba, akipapasa turubai, akitafuta kilichofichwa. Hakuona kitu. Wifi yake, mke wa Breki, akawa anakutana naye njiani na kutazama upande wa pili, na watoto wao, ambao zamani walimkimbilia shangazi wakimpekua mifuko, walifundishwa kuvuka barabara. Lori akapewa dereva mwingine, kijana wa haraka, ambaye alishusha mzigo, akageuza, akarudi kabla ya chai. Mkurugenzi alifurahi. Birika alijiambia kuwa naye amefurahi, na chakula kikawa hakipiti.

Wakaguzi walikuja na gari moja jeupe. Mkuu wao alikuwa mwanamama mnene, mtaratibu, miwani inaning'inia kwenye kamba shingoni. Mkurugenzi alikuwa amejiandaa: magogo mekundu yaliazimwa kiwanda kingine na kupangwa mbele kabisa, yakimeta vichwa, na ya buluu yakasogezwa nyuma ya ghala na kufunikwa. Redio aliyasogeza siku nzima na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema neno. Mgeni alipita kwenye mekundu, akayasifu, akauliza maswali madogo madogo. Birika aliyekuwa akiwaongoza yadini alimshuku hata kwa upole wake. Mtu anayekubali kila kitu haraka hivyo, aliwaza, ana lake moyoni.

Alikuwa nalo kweli. Walipoketi ukumbini na soda zikagawiwa, mgeni alivaa miwani yake.

"Sikuja kugombana na mtu," alisema. "Mtaani nilikokulia palikuwa na kiwanda kama hiki. Kwetu mti ulioanguka na mti uliosimama bei yake ni moja, ndivyo sheria yetu ya misitu ilivyo, nzuri au mbaya. Kiwanda kile sasa ni ghala la magodoro. Kwa hiyo tukisikia jirani ana miti ya bei ya kuni, ni lazima tuulize. Mmetujibu kwamba mbao mnazotuuzia zinatoka kwenye magogo mekundu. Nimeyaona mekundu. Sasa naomba mniambie hivi ni nini."

Mwenzake akafungua gunia, akalimwaga mezani.

Vilikuwa vijiti. Vyembamba, vya urefu mmoja, vimechanwa safi. Mbao hukatwa ncha kabla ya kusafirishwa, lakini nani anakata ncha kijiti? Banzi hutoka kwenye gogo na kipande cha kichwa chake, na rangi ya kichwani haijawahi kuondolewa. Kila kijiti mezani kilikuwa na ncha ya buluu, kama njiti za kiberiti. Kwenye baadhi yake ulionekana hata muhuri wa nyundo ya watu wa misitu, nusu nusu.

Birika alizitazama ncha moja baada ya nyingine.

"Vinakuja na kila mzigo," mgeni alisema. "Vinatenganisha mbao. Mwanzoni tulikuwa na viwili vitatu tu, mfanyakazi mmoja wa yadi yetu ndiye aliyeviona, ndiyo maana tukaandika kwamba tuna sababu ya kuamini, hatukuandika kwamba tunajua. Tulipotaka vingine havikuonekana. Kulikuwa na dereva wenu mmoja, mtu mpole, akishusha mzigo anaomba avikusanye vyote. Anasema mke wake hapiki kwa kuni nyingine. Watu wa yadi walikuwa wanamcheka, wanampa chai, wanamwachia achukue. Kisha akaacha kuja." Akaweka kiganja juu ya rundo. "Tangu aache, tumepata tele."

Mkurugenzi alisimama kabla hajaamua la kusema, lakini hakuwa mtu wa kukosa la kusema.

"Dereva huyo tumemfukuza," alisema. "Alikuwa msaliti. Atakuwa ndiye aliyevichomeka kwenye mizigo ili atuchafue, halafu anajifanya kuviokota. Na msidhani namsingizia. Aliyemfichua ni mkuu wetu wa yadi, huyu hapa, dada yake wa damu." Akamgeukia Birika, na uso wake ulikuwa unaomba na kuamuru kwa pamoja. "Mama, waambie. Vijiti hivi si vyetu."

Wote wakamtazama. Lilikuwa jambo jepesi. Neno moja tu, si vyetu, na kiwanda kingepumua, na yeye angebaki na yadi yake na sifa yake. Breki alikwisha kufukuzwa. Kumfukuza mara ya pili kusingemuumiza zaidi, ndivyo moyo wake ulivyomnong'oneza, na aliuchukia moyo wake kwa kunong'ona hivyo. Alinyoosha mkono akachukua kijiti kimoja. Alikijua kama anavyojua mwandiko wake.

"Hivi nimevichana mimi," alisema.

"Mama..."

"Kwa mkono wangu, tangu nilipopewa yadi. Ni mabanzi ya magogo ya buluu, kwa sababu mizigo ya kule haijawahi kuwa na gogo lingine. Yale mekundu pale nje yamekuja jana. Mdogo wangu hakuchomeka kitu. Aliona nilichokuwa ninapeleka, akawa anakirudisha."

Karani alifunika uso. Redio, ambaye hakutakiwa kuwepo ukumbini, aliondoka mlangoni. Mkurugenzi akasema kwa sauti ya chini kwamba mama huyu amechoka, ana matatizo ya familia, atoke nje apate hewa.

"Natoka," Birika alisema. "Lakini huyo mama aandike kwanza kwamba aliyemwita ndugu yangu msaliti ni mimi, na nilisema uongo bila kujua."

Mgeni aliandika. Hakuonekana kufurahi, alionekana kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Birika alipitia tundu la ukuta ambalo Breki mwenyewe alilitoboa zamani ili dada yake asizunguke. Wifi yake alikuwa uani akifua. Hakusema karibu. Alikamua nguo moja, akaianika, akakamua nyingine, ndipo akaongea.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwona mdogo wangu. Nimekosa, wifi. Nimemkosea vibaya."

"Umechelewa. Kaondoka juzi."

"Kwenda wapi?"

"Kazini. Alizunguka kila mahali penye lori, kila mahali wamekwisha kusikia kuwa ni jasusi. Nani ampe gari? Waliomtaka ni wale wa ng'ambo tu, wa yadi ile ile." Akakung'uta shati la mtoto kwa nguvu. "Nyinyi si mlisema ni mtu wao? Basi kaenda kwao."

Birika aliketi kwenye ngazi bila kuambiwa. Kwenye pembe ya ua palikuwa na turubai la zamani la lori, na chini yake palichungulia ncha za buluu, safu juu ya safu, zimepangwa kwa uangalifu, na kati ya safu na safu pameachwa nafasi ya hewa. Hata kuni alizipanga kama dada yake alivyomfundisha. Birika alilia hapo, waziwazi, na hakujifuta.

"Kwa nini hakuniambia?" alisema. "Neno moja tu!"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema nikimwambia dada, atapanda ngazi kwenda kujitaja kwa Mkurugenzi kabla chai haijapoa, ndivyo alivyo, na watamtoa kazini. Akasema atavirudisha kidogo kidogo mpaka wakaguzi wapite, halafu atatafuta namna ya kukushauri." Wifi akamwaga maji ya kufulia. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imechoka. "Akasema pia ukija, usiondoke bila chai. Mimi sikutaka. Lakini kasema."

Akaenda kwenye turubai, akachomoa vijiti vya kujaa mkono, akawasha jiko la mawe. Rangi ilipoungua ilitoa moshi mweusi unaowasha macho. Kuni za ng'ambo zilikuwa na moshi kuliko kuni zote duniani.

Wifi aliweka kikombe mbele yake, na kando ya kikombe akaweka simu, ikiwa tayari inaita. Birika aliishika kwa mikono miwili. Nyuma ya sauti ya ndugu yake kulisikika misumeno, ile ile, ya watu wengine.

"Shikamoo, dada," alisema Breki.

Birika alifungua mdomo aitikie kama alivyoitikia tangu kijana huyo anajifunza kusema, akaona hawezi.

"Nisamehe," alisema.